Mmea Unakoota Si Ushahidi wa Unachokipenda

Chukua jani la kichaka kilichoota kivulini, chini kabisa ya msitu wa mvua, ulilaze kiganjani. Mara nyingi utakuta ncha yake imevutika ikawa nyembamba na ndefu, sentimita mbili au tatu, kama mdomo wa birika. Maelezo yake anayajua kila aliyepita darasa la botania: mvua ni nyingi, maji yakituama juu ya jani huotesha kuvu na mwani vinavyolizibia mwanga, hivyo ncha ile ni mfereji wa kuyamwaga upesi. Maelezo hayo yanaingia akilini mara moja, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Yalipojaribiwa katika misitu ya Amerika ya Kati, kwa kukata ncha za baadhi ya majani na kuyaacha mengine yalivyo, majani yaliyokatwa hayakuonekana kufunikwa na kuvu na mwani kuliko yenye ncha. Wakati huohuo, uchunguzi mpana wa Amazonia umeonyesha kwamba majani yenye ncha ndefu huwa mengi zaidi pale mvua inapozidi. Kwa hiyo uhusiano kati ya ncha na mvua upo. Sababu yake ndiyo haijakamatika.

Jani hilo moja linaonyesha kasoro iliyoenea mno katika usomaji wa mimea asilia ya tropiki. Tunaorodhesha mimea ya mahali fulani, tunatazama umbo lake, kisha tunaandika kwamba umbo lile ndilo linaloiwezesha kuota pale. Hatua mbili za kwanza ni kazi halali. Hatua ya tatu ni dai jipya, na linadai jaribio lake. Nani yupo msituni ni swali linalojibiwa kwa kuhesabu na kutambua. Anamuduje kuwepo pale ni swali linalojibiwa kwa kuuingilia mmea: kuuhamisha, kuufunika, kuukata, kuunyima maji, halafu kusubiri. Ripoti nyingi za bayoanuwai hufanya nusu ya kazi ya kwanza, halafu huruka moja kwa moja hadi hitimisho la pili.

Tuanze na kuhesabu, maana hata hapo mambo huharibika mapema. Kiwanja cha kawaida cha utafiti wa miti ni hekta moja, meta 100 kwa 100, kimegawanywa vipande 25 vya meta 20 kwa 20. Hupimwa kila shina lenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, kwenye urefu wa meta 1.3 kutoka ardhini. Kosa la kwanza hutokea mlimani. Urefu wa meta 20 unatakiwa uwe wa mlalo sawa, kama kwenye ramani. Anayevuta utepe akifuata ardhi kwenye mteremko wa nyuzi 30 hupata meta 17.3 tu za mlalo, na kiwanja chake kimepungua bila yeye kujua. Ili apate 20 kamili inabidi avute meta 23.1. Mtu akilinganisha msitu wa bondeni na wa mlimani bila kusahihisha hilo, anaweza kutangaza kwamba mlima una spishi chache wakati kilichopungua ni eneo alilopima.

Kosa la pili liko kwenye miti ambayo shina lake limetanuka chini kama mbao zilizosimama. Ukizungushia utepe mbao hizo unapata mti wa ajabu. Kanuni ni kupima sentimita 50 juu ya mahali mbao zinapoishia, kupaka mstari wa rangi papo hapo, na kuandika urefu wa mstari huo daftarini. Rangi hiyo ndiyo inayookoa kipimo cha miaka mitano ijayo. Atakayekuja na kupima juu au chini kidogo ataona miti imesinyaa au imenenepa kwa namna isiyowezekana. Kibao cha namba nacho kipigiliwe kwa msumari wa aluminiamu usiozamishwa wote. Uachwe sentimita kadhaa nje, la sivyo shina likinenepa hukimeza kibao.

Hata ukifanya yote hayo sawasawa, umehesabu miti tu. Hakuna okidi yenye shina la sentimita 10. Mimea ya chini, mimea inayotambaa, inayoparamia na inayoota juu ya matawi ya wengine ni sehemu kubwa ya utajiri wa misitu hii, na yote imebaki nje ya hesabu. Urujuani wa Usambara, unaopamba madirisha dunia nzima, kwao ni mmea mdogo wa miambani penye kivuli na unyevu katika misitu ya Tanzania na Kenya. Timu yenye utepe wa miti inaweza kupita kando yake mwaka mzima na usiingie kwenye orodha.

Sampuli ndizo zinazoamua kama orodha itaaminika baada ya miaka 50. Tawi lisilo na ua wala tunda ni mzigo kwa hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, kwa sababu familia nyingi za tropiki hutofautishwa kwa sehemu za ua, na majani ya familia tatu zisizohusiana yanaweza kufanana kabisa. Anayekwenda msituni mara moja, msimu mmoja, hukuta sehemu ndogo tu ya mimea imechanua. Mingine hurudi nayo ikiwa majani matupu na kuiandika "spishi isiyotambuliwa namba 1, namba 2" hadi 40. Msimu mwingine, timu nyingine huandika 40 zake, na hakuna awezaye kusema kama ni zilezile. Tiba yake ni kurudi kwenye mmea uleule kila baada ya miezi miwili au mitatu. Ndiyo maana kila mmea uliochukuliwa majani matupu uachiwe kibao cha namba na vipimo vya GPS.

Kwenye kuchukua sampuli yenyewe, hivi ndivyo inavyotakiwa. Kata nakala tatu hadi tano kutoka mmea mmoja, kila moja ikitosha kulala ndani ya gazeti lililokunjwa. Kabla ya kukata, tafuta chipukizi la kwapa, kile kijicho kilichopo tawi linapokutana na jani. Lilipo chipukizi ndipo jani linapoanzia. Bila kuliangalia, watu huchukua kipande kimoja cha jani lenye vipande kumi na kuandika "jani sahili", na utambuzi unapotea tangu hapo. Geuza angalau jani moja ili upande wa chini uonekane, maana vinywele, tezi na mishipa viko huko. Andika papo hapo vitu ambavyo kukausha kutaviua: rangi ya ua, harufu, utomvu na rangi yake, urefu wa mmea, gamba lilivyo ukilichanja kwa kisu. Kipande cha jani changa kwa ajili ya vinasaba kiwekwe mapema kwenye chembe za silika, zinazofyonza unyevu, silika ikiwa mara kumi ya uzito wa jani. Chembe zenye kiashiria zikibadilika rangi maana yake zimeshiba maji, zibadilishwe.

Msituni kwenye unyevu mkubwa, ambako hakuna moto wa kukaushia, njia ya zamani ni kulowesha mafungu ya magazeti kwa spiriti ya asilimia 60 au 70 ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Huzuia ukungu kwa wiki kadhaa. Lakini huharibu vinasaba na hufifisha rangi, ndiyo maana silika lazima itangulie. Wengi hugundua mpangilio huo wakati wameshalowesha kila kitu.

Halafu kuna hesabu yenyewe. Orodha mbili za juhudi tofauti hazilinganishwi, kwa kuwa spishi huongezeka kadiri unavyotafuta. Njia rahisi ya kukadiria zilizobaki hutumia zile zilizoonekana mara moja tu na zile zilizoonekana mara mbili tu. Tuseme umepata spishi 80, kati yake 30 umeziona mara moja na 15 mara mbili. Zidisha 30 kwa 30, gawa kwa mara mbili ya 15: 900 kwa 30, jibu 30. Makadirio ya chini ya spishi zilizopo ni 110. Orodha yako imekosa angalau zaidi ya robo. Ripoti isiyotoa namba hizo mbili inamnyima msomaji njia ya kuipima, na ningependa wahariri wa majarida wakatae kuipokea.

Majina ya wenyeji yana thamani kubwa katika kazi hii, mradi yasigeuzwe kuwa majina ya spishi. Pwani ya Afrika Mashariki neno "mkoko" ni mfano mzuri. Mtu mmoja akilitamka anamaanisha Rhizophora mucronata pekee, ile yenye mizizi iliyojipinda kama miguu ya buibui. Mwingine anamaanisha mti wowote wa maji ya chumvi, ukiwemo mchu, mkandaa na mlilana. Andika jina, andika aliyelitaja anamaanisha upi kwa kuonyeshwa mti wenyewe, na uchukue sampuli.

Mikoko hiyohiyo inatuvusha kwenye swali la pili. Ukitoka baharini kuelekea nchi kavu, katika sehemu nyingi za pwani yetu unakutana na mlilana mbele, kisha mkoko (ule wa Rhizophora), kisha mkandaa, na mchu upande wa juu ambako chumvi hukolea. Mpangilio ule unavutia hoja ya haraka: kila mti umekaa kwenye kina cha maji na chumvi inayouchukua. Kuna ukweli ndani yake. Mchu hutoa chumvi kwenye majani, ukiyalamba unaionja, na mkoko huzuia sehemu kubwa ya chumvi isiingie mizizini. Lakini mchu huohuo katika baadhi ya ghuba unakutwa pande zote mbili, mbele kabisa baharini na nyuma kabisa, ukiikosa sehemu ya kati. Mti unaomudu kuzama sana na chumvi nyingi sana unashindwaje katikati, ambako hali ni ya wastani?

Mtafiti Thomas Smith alilijaribu jambo hilo kaskazini mwa Australia na kuchapisha matokeo yake 1987. Alifunga miche ya mikoko kwa uzi na kuiacha katika kanda mbalimbali, kisha akahesabu iliyoliwa. Kwa spishi kadhaa, mchu ukiwemo, kaa walikula zaidi pale ambapo miti mikubwa ya spishi hiyo ilikuwa michache. Kwa spishi nyingine haikuwa hivyo, na majaribio ya pwani nyingine yametoa picha tofauti. Funzo lake kwa mtafiti ni la moja kwa moja: kutokuwepo kwa mti mahali fulani hakumaanishi mti hauwezi kuishi pale. Huenda haujapata nafasi ya kufika ukiwa hai. Na jaribio lenyewe linahitaji uzi, miche, na mtu wa kurudi siku ya pili, ya nne, ya kumi.

Jaribio lililobadilisha zaidi namna ya kulifikiria suala hili lilifanyika Amazonia ya Peru, likachapishwa 2004 na Paul Fine, Italo Mesones na Phyllis Coley. Eneo lile lina udongo wa aina mbili jirani kwa jirani: mfinyanzi wenye rutuba kiasi, na mchanga mweupe maskini mno. Kila udongo una mimea yake. Maelezo ya siku zote yalikuwa kwamba mimea ya mchanga imeumbika kuishi na njaa ya virutubisho, na ile ya mfinyanzi ikipelekwa mchangani itadhoofika. Watafiti walichukua miche ya spishi 20 za jenasi 6 (jenasi ni kundi la spishi za ukoo wa karibu), wakaipanda kwenye udongo wake na kwenye udongo wa jirani, nusu ikiwa ndani ya vizimba vya wavu vinavyozuia wadudu, nusu wazi.

Ndani ya wavu, miche ya mfinyanzi ilikua haraka kuliko ya mchanga kwenye udongo wa aina zote mbili, hata mchangani. Nje ya wavu, mambo yakageuka: mchangani ikashinda miche ya mchanga, na mfinyanzini ikashinda ya mfinyanzi. Maana yake udongo peke yake haukuigawa ile misitu miwili. Kilichoigawa ni udongo pamoja na meno ya wadudu. Mmea ulioota mchangani ukiliwa jani hauna akiba ya kulirudisha, kwa hiyo unaoishi pale ni ule uliowekeza kwenye kinga za majani na kukubali kukua polepole. Kwenye mfinyanzi, anayekua haraka hufidia alicholiwa na kumpita mwenzake aliyejikinga. Hebu fikiria mtafiti ambaye angepima pH ya udongo, nitrojeni, fosforasi na unene wa majani katika misitu yote miwili bila kupanda mche hata mmoja. Namba zake zote zingekuwa sahihi, na hitimisho lake lingekuwa na pengo kubwa katikati.

Mpango wa jaribio kama hilo unaweza kutekelezwa na idara yoyote ya chuo yenye kitalu. Mahali pawili, asili mbili za mbegu, na vizimba au bila vizimba: makundi manane. Miche 30 kwa kila kundi, jumla 240. Chini ya hapo ni kujipa matumaini, kwa kuwa miche msituni hufa kwa wingi. Ukianza na miche kumi, kisha saba ikafa, hiyo mitatu iliyobaki haisemi lolote. Usiipange miche ya kundi moja sehemu moja. Gawa kila mahali katika vipande vitano au sita vilivyotengana, na katika kila kipande makundi yote yawepo, nafasi zake zikiamuliwa kwa kura. Mti mmoja mkubwa ukianguka utaharibu kipande kimoja, na kundi lako lolote halitafutika.

Wavu nao ni mtego. Chandarua hupunguza mwanga na upepo, na huongeza unyevu. Ukilinganisha mche ulio ndani ya wavu na ulio wazi kabisa, hujui kama tofauti imeletwa na wadudu au na kivuli cha wavu. Kwa hiyo miche ya "wazi" nayo ijengewe kizimba cha wavu uleule, ila pembeni ipandishwe juu sentimita 20 au 30 ili wadudu wapite. Jambo hilo dogo husahaulika kuliko yote, na likisahaulika jaribio zima la miaka miwili linabaki na shaka isiyoondoka.

Kabla ya kizimba kuna mbegu, na hapa majaribio mengi ya tropiki hufia hata kabla ya kuanza. Karibu nusu ya spishi za misitu ya mvua isiyopukutisha majani zina mbegu zisizovumilia kukaushwa. Mbegu hizo zikianikwa juani, au zikifungwa na kuwekwa kwenye jokofu kama mahindi, hufa zote, na mtafiti huandika kwamba spishi hiyo "ina uotaji hafifu". Nyingi haziwezi hata baridi ya kawaida ya jokofu. Zibebwe kwenye mfuko unaopitisha hewa, pamoja na unga wa mbao uliolowa kidogo, kivulini, na zipandwe ndani ya siku chache. Kwa upande wa pili, mbegu za jamii ya kunde zenye ganda gumu hukaa wiki nyingi bila kuota kwa sababu maji hayaingii. Zikwaruzwe upande ulio mbali na kiini, au zimwagiwe maji yaliyochemka na kuepuliwa, ziachwe humo hadi siku ya pili. Zikichemshwa jikoni pamoja na maji, kiini kinaiva.

Zikusanywe kutoka miti mama 20 au 30 iliyoachana, na mbegu za kila mti zikae kwenye mfuko wake wenye namba. Mbegu za mti mmoja mzazi aliye karibu na barabara, ambazo ndizo rahisi kupata, zitakuambia habari za ukoo mmoja tu. Zipimwe uzito pia. Mbegu kubwa hutoa mche mkubwa, na nguvu hiyo inaweza kuonekana kama ubora wa asili fulani kwa mwaka mzima, wakati ni chakula alichofungiwa na mama.

Lipo jambo jingine ambalo lisipotenganishwa huvuruga kila kitu. Mmea unaweza kufanana na mahali ulipo kwa sababu mbili tofauti: umerithi umbo hilo kutoka ukoo uliochujwa na mazingira kwa vizazi, au mmea huohuo mmoja umejirekebisha ndani ya maisha yake. Tazama mti mmoja mkubwa wa msituni. Majani ya juu, yanayopigwa na jua, ni madogo na manene. Ya chini, yanayopata labda asilimia moja au mbili ya mwanga wa nje, ni mapana na mepesi. Vinasaba ni vilevile. Mtafiti akichuma majani ya chini kwa spishi moja kwa kuwa ngazi ilikuwa fupi, na ya juu kwa spishi nyingine iliyoanguka na upepo, amepima nafasi ya ngazi. Ndiyo maana kipimo cha uzito wa jani kwa eneo lake huchukuliwa kwenye majani yaliyokomaa na yanayopata jua kamili, kwa mimea mitano au zaidi ya kila spishi, na majani hukaushwa kwa nyuzi 70 za Selsiasi kwa saa 72 kabla ya kupimwa. Majani ya mche nayo yasichanganywe na ya mti mzima.

Njia ya kutenganisha mambo hayo mawili ina umri wa miaka mia moja. Mtaalamu wa mimea Göte Turesson wa Uswidi aliitumia kwenye miaka ya 1920: lete mimea ya spishi moja kutoka sehemu tofauti, ipande kwenye bustani moja, uone kama tofauti zinabaki. Zikibaki, kuna urithi. Zikiyeyuka, ulikuwa unatazama mazoea ya mmea. Tropiki ina spishi nyingi mno ambazo hazijawahi kupandwa hivyo hata mara moja, na bado tunaandika juu ya "aina ya nyanda kavu" na "aina ya milimani" kana kwamba jambo limekwisha.

Tatizo la ukoo linagusa pia ulinganishaji wa spishi na spishi. Ukikuta spishi kumi za mchanga zote zina majani manene, uliza kwanza ni za jenasi ngapi. Zikiwa zote za jenasi moja, huenda babu yao alikuwa na majani manene na wao wamerithi tu. Una ushahidi mmoja, umeurudia mara kumi. Mwanabiolojia Joseph Felsenstein alionyesha 1985 jinsi ya kulisahihisha hilo kihesabu, na wale watafiti wa Peru walilikwepa kwa kulinganisha spishi za mchanga na za mfinyanzi ndani ya jenasi ileile.

Maumbile yaleyale yanapozuka kwa koo mbalimbali zilizoishi mbali, hoja hupata nguvu zaidi. Kilimanjaro na Mlima Kenya kuna Dendrosenecio, mimea mirefu yenye vichwa vya majani makubwa na shina lililovaa koti la majani makavu. Milima ya Andes kuna Espeletia, yenye umbo linalofanana nalo, ya familia hiyohiyo lakini ya tawi jingine. Huko juu usiku huganda na mchana huchoma. Hata hivyo, kufanana hakukutosha. Ilibidi Goldstein na Meinzer, katika kazi yao ya 1983, waivue Espeletia koti lake. Kiini cha shina, ambacho huhifadhi maji ya kutumiwa asubuhi wakati mizizi bado iko kwenye baridi, kilishuka chini ya kiwango cha kuganda, na majani yakapungukiwa maji. Hapo ndipo neno "kinga ya baridi" lilipostahili kuandikwa.

Na mbuyu? Kuna spishi nane duniani, sita kati yake zikiwa za Madagaska pekee. Kila mtu anajua shina lake ni tangi la maji la kuvukia kiangazi. Mibuyu ya Madagaska ilipopimwa, ilionekana kwamba maji ya shina hutumika kuchipusha majani mapya kabla mvua haijanyesha, lakini vitundu vya majani hayo hubaki vimefungwa hadi mvua ifike. Tangi lipo kweli. Kazi yake imebanwa zaidi kuliko tulivyodhani, na inahusu kipindi kifupi cha kutangulia majira, wakati miti mingine bado iko uchi.

Hoja inayotolewa dhidi ya msimamo huu ni kwamba misitu inaondoka haraka, kwa hiyo tuorodheshe kwanza, majaribio yatafuata. Naielewa, na kwa mahali panapokaribia kufyekwa naikubali. Lakini mahali pengine orodha hurudiwa na kila mradi mpya, juu ya njia zilezile zilizo karibu na barabara, na hakuna anayerudi kuangalia mti namba fulani bado upo. Mfano wa kufuata ni kiwanja cha hekta 50 cha kisiwa cha Barro Colorado nchini Panama, kilichoanzishwa na Stephen Hubbell na Robin Foster mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kila shina kuanzia sentimita moja lina namba, zaidi ya mashina 200,000 ya spishi takriban 300, na hupimwa upya. Ukame mkali wa 1983 ulipopita, vifo vilionekana kwenye namba, spishi kwa spishi, na zile za sehemu zenye unyevu zikaendelea kupungua.

Juu ya msingi huo Bettina Engelbrecht na wenzake walipanda miche ya spishi 48 za asili za Panama, mingine wakainyweshea wakati wa kiangazi na mingine wakaiacha. Tofauti ya vifo kati ya makundi hayo mawili ilitabiri vizuri kila spishi inakutwa wapi, ndani ya kiwanja kile na pia kutoka upande mkavu hadi upande wenye mvua wa nchi. Matokeo yalichapishwa 2007. Safari hii dhana ya zamani, kwamba maji ndiyo yanayopanga spishi, ilithibitika, na ilithibitika kwa sababu upo upande uliohesabiwa kwa miaka na upande uliojaribiwa kwa mikono.

Kwa idara inayotaka kuanza kesho, kiwanja kimoja cha hekta moja kinachorudiwa kila miaka mitano na kitalu cha spishi nne ni bora kuliko orodha kumi za wilaya kumi. Chagua spishi mbili zinazokutwa kila mahali na mbili zinazokutwa mahali pamoja tu, zikiwezekana za jenasi zilezile. Tembelea miche kila mwezi, pima urefu, hesabu majani, kadiria sehemu ya jani iliyoliwa. Mche uliokufa uandikwe tarehe na hali uliyokutwa nayo: umenyauka ukiwa na majani yote, umekatwa shina chini, umeoza shingo, umefunikwa na tawi. Wengi huandika "umekufa" na kuufuta kwenye safu, na kufika mwisho wa mwaka wa pili hawana namna ya kujua kama mfinyanzi uliwaua kwa kiu, kwa kuvu au kwa panya.